Spidi ya kukata makaa ni sehemu ya kushikilia paa

Nilikuwa fildi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nje ya nchi, kwenye mgodi wa makaa ya mawe ambao sitautaja jina, zaidi ya mita 700 kwenda chini. Kazi yangu ilikuwa ndogo tu, nikae kwenye majeki yanayoshikilia paa, katikati ya ukuta wa makaa, na kila mashine ya kukata ikipita nisome geji na kuandika namba kwenye daftari. Kwa wiki nzima nilikuwa naandika 28, 29, saa nyingine 31, yaani megapaskali, kipimo cha presha, namba za kawaida. Halafu mwezi ukawa unaisha na tani hazijatimia, maagizo yakashuka kutoka ofisini kwamba badala ya mikato 8 kwa siku, yaani mashine kupita mara 8, iwe 12. Tukapiga. Siku ya kwanza sawa, ya pili sawa, na kitu kilichonishangaza ni kwamba geji hazikupanda kabisa, zilitulia kuliko hata zile siku za kwenda taratibu, msimamizi wa shifti akafurahi na mimi nikafurahi maana nilikuwa naamini kabisa kwamba geji ikitulia basi paa limetulia.

Usiku wa tatu, mkato wa tano wa shifti yetu, kikapiga kishindo nyuma ya majeki. Hakikuwa kama mlio wa kitu kudondoka, ni kama mtu amebamiza mlango mkubwa wa chuma chini ya miguu yako. Geji zote nilizokuwa naziona zikaruka kupita 40, valvu za usalama zikafunguka kwa pamoja na yale maji ya haidroliki, ambayo ni maji yaliyochanganywa na mafuta kidogo na yana weupe kama wa maziwa, yakaanza kufyatuka kwa mluzi ambao ulikuwa unaumiza masikio hata ukiwa umeyaziba. Ukuta wa makaa ukatema vipande vikubwa kwenye konveya, vumbi likafunga, taa ya kofia haionyeshi hata mkono wako. Kaka mmoja wa upande wa konveya alivunjika mkono na mbavu mbili. Hakuna aliyefariki, namshukuru Mungu mpaka leo. Ripoti ilipotoka ilisema chanzo ni hali ya kijiolojia, mwamba mgumu juu ya makaa, na neno spidi halikuwepo hata mara moja kwenye ile karatasi.

Sasa mimi nasema hivi, na nitajaribu kueleza kwa nini: spidi ya kukata makaa ni sehemu ya kushikilia paa kama jeki lilivyo, ina uzito uleule, na kuiacha mikononi mwa watu wa kuhesabu tani ni sawa na kumwachia mhasibu achague saizi ya majeki.

Kwa ambaye hajawahi kushuka nieleze kwanza tunazungumzia uchimbaji gani, maana wengi wetu tukisikia mgodi tunawaza duara la dhahabu lenye ngazi, ndoo na matimba, yaani nguzo za miti. Huu wa makaa unaoitwa longwoli ni kitu kingine. Unachukua kipande cha makaa chenye upana wa mita 200 mpaka 300 na urefu wa kilomita moja, mbili, hata tatu, unakizungushia njia pembeni, halafu unaanza kukikata kutoka ncha moja. Mashine inatembea upande mmoja wa ukuta mpaka mwingine kama seremala anavyopitisha randa kwenye ubao, kila ikipita inanyoa kama sentimita 80. Nyuma ya mashine kuna mstari wa majeki ya haidroliki, zaidi ya mia, yamesimama bega kwa bega yakishikilia paa, na mashine ikishapita kila jeki linalegeza kichwa kidogo, linajivuta mbele, linakaza tena. Pale lilipotoka, paa linaachwa lidondoke. Na hapa ndo watu wa matimba wanashtuka, kwa sababu kwao kudondoka kwa paa ni msiba, lakini kwenye longwoli kudondoka ndo mpango wenyewe, unataka lile paa la nyuma lishuke na lijaze uwazi ulioacha. Paa la nyuma likigoma kushuka ndo uanze kuogopa.

Mzigo wenyewe ni wa kiasi gani? Miamba ina uzito ambao kwa hesabu ya haraka unaongeza megapaskali 25 kwa kila kilomita unayoshuka. Megapaskali 25 maana yake kila eneo dogo la ukubwa wa kucha ya kidole gumba limebebeshwa kama kilo 250. Tairi ya gari dogo ina presha ya kama psi 30, basi hii ni zaidi ya mara mia ya hapo. Na huo ni mzigo wa kawaida kabla hujagusa kitu. Ukishatoa makaa, mwamba uliokuwa umeegemea pale hauna pa kuegemea, unahamishia uzito wake kwenye makaa yaliyobaki mbele ya mashine, na pale mbele presha inaweza kufika mara mbili, mara tatu, saa nyingine zaidi ya hapo. Makaa yenyewe ni jiwe dhaifu, mengi yanapondeka kabla hata hayajafika megapaskali 30 kama hayajabanwa pembeni. Kwa hiyo mbele ya kila ukuta wa longwoli ya kina kirefu kuna makaa ambayo tayari yameshindwa, yameshapondeka kidogo, na ndani zaidi kuna makaa yaliyobanwa pande zote ambayo ndo yamebeba kilele cha mzigo.

Muda unaingia hapa, na muda ndo kitu ambacho watu wa ofisini hawakioni kwa sababu hakipo kwenye ramani. Mnakumbuka gubiti? Ile pipi nyeupe ya sukari ya utotoni. Ukiishika ukaivuta taratibu inanyooka, inanyooka mpaka inakuwa uzi, ila ukiigonga ghafla kwenye ukingo wa meza inavunjika vipande kama kioo, na ni pipi ileile, sukari ileile, kilichobadilika ni mwendo wa mkono wako tu. Mwamba ni mgumu mara nyingi kuliko gubiti lakini nao una tabia hiyo. Ukiubebesha mzigo taratibu, nyufa ndogondogo zinapata muda wa kukua, tabaka zinaachana moja moja, paa linakaa chini kidogokidogo na nishati inatoka kwa vipande. Ukiubebesha haraka, hizo nyufa hazijapata muda, mwamba unaonyesha ugumu zaidi kuliko ulio nao kwa siku za kawaida, unaning'inia, unasubiri. Hilo limepimwa maabara miaka mingi, jiwe lilelile ukilikandamiza kwa haraka linastahimili zaidi kabla ya kuvunjika, na likivunjika linavunjika kwa fujo zaidi.

Ukisikia linastahimili zaidi unaweza kudhani ni habari njema. Hapana. Lile paa gumu linaloning'inia nyuma ya majeki ni kama ubao wa kurukia kwenye bwawa la kuogelea, uliofungwa upande mmoja tu. Likirefuka kidogo tu, mambo yanabadilika sana. Chukua paa ambalo kwa mwendo wa taratibu lilikuwa linavunjika kila baada ya mita 16, sasa kwa sababu ya haraka limefika mita 24 halijavunjika, urefu umeongezeka nusu tu. Nguvu ya kulikunja pale kwenye shina inapanda na mraba wa urefu, yaani zaidi ya mara mbili. Na nishati iliyojificha ndani yake, kama ile ya upinde uliovutwa, inapanda na urefu uliozidishwa wenyewe mara tano, ambayo ukipiga hesabu inazidi mara saba. Mwamba halisi hauko sawasawa kama ule ubao wa kwenye hesabu za darasani, una mipasuko yake ya zamani, una maji, una tabaka laini katikati, kwa hiyo usichukue hiyo saba ukaiandika kwenye ripoti. Lakini mwelekeo ndo huo, na ndo maana mgodi unaweza kuongeza spidi kidogo na ukapata kishindo ambacho hakilingani kabisa na kile kidogo ulichoongeza.

Kuna jambo la pili ambalo kwa migodi ya kina kirefu naliona baya kuliko hili la paa. Nimesema mbele ya ukuta kuna makaa yaliyopondeka halafu ndani kuna kilele cha mzigo. Yale yaliyopondeka ni godoro letu, ndo yanayotutenganisha na kile kilele, na godoro linatengenezwa na muda. Ukienda taratibu linapata nafasi ya kunenepa, mita nyingi za makaa laini kati yako na mzigo. Ukikimbia unakuwa unalikata godoro haraka kuliko linavyojitengeneza, kilele kinabaki jirani kabisa na uso wa ukuta, na makaa yaliyo kati yako na hicho kilele ni membamba na bado yana nguvu ya kulipuka. Likitokea tetemeko dogo tu kutoka juu, paa kuvunjika kwa mfano, ukuta hauporomoki, unarushwa. Hicho ndo kinaitwa mlipuko wa mwamba, na unaua hata bila gesi wala moto.

Turudi kwenye geji zangu zilizotulia. Zilitulia kwa sababu paa kuu lilikuwa linajibeba lenyewe, halijakaa juu ya majeki, uzito wake lilikuwa limeupeleka mbele kwenye makaa. Jeki linasoma kile kilichokaa kichwani kwake tu, yale yanayoendelea mita 15 juu au mita 10 mbele halina habari nayo. Kwa hiyo ile furaha yetu ya siku ya pili ilikuwa furaha ya kusoma kipimo sahihi na kuelewa kinyume, na mimi nilielewa kinyume kama wengine wote. Wazee wa zamani waliotumia nguzo za mti walikuwa na kitu ambacho sisi tumekipoteza, mti unaongea. Unaanza kulia taratibu, nyuzi zinakatika moja moja, unasikia kabla haujavunjika, wachimbaji wetu wa matimba wanaijua hiyo lugha vizuri sana. Jeki la chuma limenyamaza mpaka valvu ifunguke, na valvu ikifunguka tayari umechelewa.

Sasa kuna watu wakifika hapa wanarukia jibu rahisi, kwamba basi twende taratibu na yameisha. Mimi simo. Nimeshabishana na wenzangu wengi kwenye hili na naona wanakosea, kwa sababu paa haliku­subiri kwa heshima ukiwa umesimama. Muda uleule unaosaidia mwamba kushuka pole pole unaendelea kufanya kazi hata mashine ikizimwa, paa linaendelea kukaa chini, majeki yanafupika mpaka yanafika mwisho wa pistoni na hapo yamekuwa kipande cha chuma kilichobanwa, huyashushi wala huyapandishi. Uso wa makaa unabomoka, paa la mbele linaanza kudondoka kati ya ukuta na vichwa vya majeki, na hapo hata kusafisha tu ili uanze tena ni kazi ya hatari kuliko kuchimba kwenyewe. Uingereza waliliona hili vizuri wakati wa ule mgomo mkubwa wa wachimbaji kuanzia Machi 1984 mpaka Machi 1985, mwaka mzima mashine zimelala, na kuna kuta za kukatia ambazo zilipotea kabisa kwa sababu ardhi ilizifunga. Halafu ongeza moto. Kwenye kifusi nyuma ya majeki huwa kunabaki makaa, hewa inapenya, makaa yanachukua oksijeni na kupata joto yenyewe bila mtu kuwasha kiberiti, na kama ukuta unasogea kwa kusuasua lile eneo linapata muda wa kutosha kushika moto. Moja ya dawa za zamani kabisa za kuzuia huo moto ni kusogea mbele mapema ili kifusi cha nyuma kikose hewa. Kwa hiyo mwendo wa kinyonga nao una makaburi yake.

Na kina kinabadilisha hadithi yote. Kaskazini mwa China, huko Shendong mpakani mwa Shaanxi na Mongolia ya Ndani, makaa yako karibu na uso wa ardhi, mengi mita mia au mia mbili hivi, na kule wanakimbia kwa siku mita 10, hata 15 na zaidi. Mgodi wa Shangwan ulianza 2018 kukata ukuta wa kimo cha mita 8.8 kwa mkupuo mmoja, ghorofa mbili na zaidi, na majeki ya kubeba kilonewtoni 26,000 kila moja, yaani kama tani 2,600 kwa jeki. Pale presha ya kina ni ndogo, hatari ya mwamba kulipuka ni ndogo, shida yao ni lile paa jembamba kukatika lote mpaka juu na kukaa ghafla kwenye majeki, na kusimamasimama chini yake ni kubaya kuliko kupita. Lakini sasa mtu anachukua namba za Shendong anazipeleka mkoa wa Shandong, mashariki mwa China, au Silesia ya Poland kwenye kina cha mita 800, mita 1,000, anasema mbona wenzetu wanakata mita 12 kwa siku. Hapo ndo watu wanakufa. Poland kule Silesia ya Juu wana desturi ya miaka mingi, ukuta ukionekana una dalili za kutetemeka moja ya hatua za kwanza ni kuuwekea kikomo cha mita za kusogea kwa siku, na sijui kwa nini jambo jepesi kama hilo linachukua muda kueleweka kwingine.

Tatizo kubwa zaidi kuliko haraka yenyewe, kwa maoni yangu, ni mwendo wa kurukaruka. Mgodi unakwenda mita 3 kwa siku wiki mbili, mashine inaharibika siku nne, vipuri vinakuja, mkuu anataka fidia ya zile siku nne, wanakwenda mita 9, mwezi unaisha wanakwenda 10, sikukuu wanasimama. Ukipiga wastani wa mwezi unapata mita 5 na kitu, karatasi inapendeza, mkaguzi anasaini. Lakini paa halijui wastani. Wakati wa kusimama liliendelea kushuka na kupeleka mzigo mbele, wakati wa kufidia ukalikata lile godoro lote kwa siku mbili na ukaingia kwenye eneo lililobanwa kabla halijatulia. Ndo maana mara baada ya sikukuu au baada ya matengenezo marefu, na mwisho wa mwezi, ni vipindi ambavyo injinia mwenye akili anakuwa macho. Vipimo vya mitetemo vinavyowekwa kwenye migodi ya namna hii vinaonyesha mtindo huo, spidi ikipanda idadi ya mitetemo inapanda na ile mikubwa inaongezeka, na spidi ikibadilika ghafla, hata kama ni kwa kushuka, ardhi inachukua siku kadhaa kupata mizani yake mpya. Mwendo wa mita 6 kila siku bila kuyumba naupenda kuliko mwendo wa mita 4 kwa wastani unaoyumba kati ya 0 na 10, na nasema hivyo nikijua kuna watu wa usalama watanuna.

China yenyewe ilijifunza kwa damu. Novemba 3, 2011 kwenye mgodi wa Qianqiu, Yima, mkoa wa Henan, mwamba ulilipuka ukawafungia wachimbaji 75, wengi waliokolewa, 10 wakafariki. Juu ya yale makaa kuna tabaka nene mno la mwamba wa changarawe zilizoshikana, lile la kugoma kushuka. Oktoba 20, 2018 ikawa Longyun, mkoa wa Shandong, 21 wakafa usiku mmoja kwenye njia zilizokuwa zinachongwa, na baada ya hapo mkoa ukasimamisha migodi 41 yenye hatari ya aina hiyo ili ikaguliwe. Ajali zote mbili zilikuwa kwenye njia, hazikuwa ukutani kwenyewe, na hilo ni muhimu kulisema kwa sababu watu wanadhani spidi inamhusu yule anayekata tu. Inamhusu pia anayechonga njia mbele yake, kwa kuwa ukuta unaokimbia unasukuma mzigo mbele na njia inayochongwa kwa haraka inakuja kukutana nao katikati. Kanuni za China za mwaka huohuo wa 2018, zilizoanza Agosti, zinataka umbali wa mita 350 kati ya ukuta na njia inayochongwa, mita 500 kati ya ukuta na ukuta, na zinataka spidi ya kukata ipangwe kwa kuangalia hatari ya eneo. Migodi mingi ilipunguziwa tani za mwaka. Nakubaliana nayo lakini haitoshi, kwa sababu kikomo cha tani za mwaka kinaweza kutimizwa huku kila mwisho wa mwezi watu wanakimbia kama vichaa. Kikomo kinatakiwa kiwe cha siku na cha tofauti kati ya siku na siku.

Karibu na nyumbani kuna Coalbrook, Afrika Kusini, Januari 21, 1960. Watu 435, wengi wao wametoka Lesotho, wakati ule ikiitwa Basutoland, na Msumbiji, walifunikwa kwenye mgodi wa nguzo za makaa na miili yao haijawahi kutolewa mpaka leo. Kule haikuwa longwoli, ilikuwa ule mtindo wa kuacha nguzo za makaa zishike paa, na mgodi ulikuwa unalisha kituo cha umeme. Nguzo zilikuwa nyembamba na vyumba vikaongezwa kimo kwa kukata makaa ya juu, mwishoni mwa Desemba 1959 sehemu ikaporomoka, dalili ya wazi kabisa, na kazi ikaendelea. Wiki tatu baadaye nguzo karibu 900 zikaanguka, moja ikimtupia jirani mzigo wake. Kutokana na ule msiba Salamon na Munro walikusanya nguzo 125 za migodi ya Afrika Kusini, 98 zilizosimama na 27 zilizoanguka, na 1967 wakatoa fomula ya nguvu ya nguzo ambayo inafundishwa mpaka leo. Ninachokiona mimi kila nikiisoma ile fomula ni kwamba ndani yake kuna upana wa nguzo na kimo chake, muda haupo. Nguzo inachakaa. Na wale watu walikuwa na wiki tatu.

Kwa nini spidi inapandishwa hovyo wakati haya yote yanajulikana? Piga hesabu mwenyewe. Ukuta wa upana wa mita 250, kimo mita 3, mkato wa sentimita 80, hiyo ni mita za ujazo 600, ambayo kwa makaa ni kama tani 800. Mikato minne ya ziada kwa siku ni zaidi ya tani 3,000. Hakuna jeki jipya lililonunuliwa, hakuna mtu mpya aliyeajiriwa, ni kubonyeza tu. Hakuna kitu kingine mgodini kinacholeta pesa kwa urahisi namna hiyo, na bonasi za watu kuanzia meneja mpaka wa konveya zinategemea hizo tani, kwa hiyo hata yule ambaye mbavu zake ziko hatarini anapiga makofi. Simlaumu, ana watoto shuleni. Namlaumu aliyepanga bonasi ikae hivyo.

Sisi huku tunahusika, na mapema kuliko watu wanavyodhani. Mgodi wa makaa wa Kiwira, hapa Tanzania, ulijengwa kwa msaada wa China, ukaanza kazi 1988, na ni mgodi wa chini ya ardhi, sio shimo la wazi kama Ngaka. Ikifika siku tukarudi chini kwa nguvu, mkataba utakuwa na kurasa na kurasa za tani kwa mwaka, mrabaha, barabara, ajira kwa wazawa. Mimi nataka kuona pia ukurasa wa mita kwa siku. Kikomo cha juu, kikomo cha chini, na kiasi ambacho leo inaruhusiwa kutofautiana na jana. Kiwekwe na injinia wa miamba asiyelipwa kwa tani, kibadilishwe kwa vipimo vya mitetemo na umbali tangu paa liliposhuka mara ya mwisho, na siku za mashine kuharibika zisifidiwe, tani zilizopotea zimepotea. Gesi nayo iingie kwenye hesabu hiyohiyo, maana kila mkato unafungua makaa mapya yanayotoa methani, na feni ina uwezo wake.

Hilo la umbali tangu paa liliposhuka ndo linaloniuma zaidi. Daftari langu la fildi bado ninalo. Miaka kadhaa baadaye nilikaa nalo nikahesabu mita kati ya kila mshuko mkubwa wa paa na unaofuata: 15, 14, 16, 15, halafu 24. Ile siku ya tatu jioni, wakati tunapokea shifti, tulikuwa tumeshapita mita 20 bila paa kushuka, geji zimetulia, spidi imepanda nusu nzima, na namba zote za kuonyesha hilo zilikuwa kwenye mapaja yangu kwa mwandiko wangu mwenyewe. Kitufe cha kusimamisha konveya kilikuwa mita mbili kutoka nilipokaa. Nilikuwa nimeelekezwa kukitumia mtu akinaswa.